Kabla Sakafu Haijamwagwa

Ganshoren, Brussels, Jumamosi alasiri

Mwanangu Sifa,

Salamu tutapeana ukirudi kutoka Schaerbeek, kwa hiyo hapa naziruka. Umekwenda kuwaaga rafiki zako, baba yako yuko kazini na tramu yake mpaka jioni, na mimi nimebaki na masanduku yako mawili mlangoni. Kesho saa kama hizi utakuwa angani unakwenda Montréal.

Nilipoketi nilitaka kukuandikia yale ambayo akina mama huandika: koti, chakula, usiache kumpigia simu shangazi yako wa Kigoma. Nikaandika nusu ukurasa, nikausoma, nikauchana. Hayo unayajua, na usiyoyajua utajifunza siku ya kwanza ya theluji. Liko jambo moja tu usilolijua, na hakuna wa kukuambia isipokuwa mimi. Linahusu nyumba hii na namna tulivyochagua kuipasha joto. Utasema unalijua kwa kuwa ulikuwepo, na daftari lako la mahesabu bado limo kwenye droo ya jikoni. Ulikuwepo, ndiyo. Lakini ulijua nusu.

Unakumbuka mwaka ule. Kuta zilikuwa zimesimama, paa limeezekwa, na ndani hamna kitu ila vumbi la saruji. Tulikuwa tumepanga Saint-Josse miaka kumi na sita, ngazi tatu juu ya duka la simu, na baba yako alikuwa kila siku ya mapumziko anakuja hapa kusimama tu katikati ya vyumba visivyo na madirisha. Kisha akaja Kabeya, fundi wa mitambo ya joto, rafiki yake tangu Lubumbashi. Akatuambia lazima tuamue kabla sakafu haijamwagwa. Joto likipita chini, mabomba hulazwa kwanza na zege humwagwa juu yake. Likishakauka, basi.

Wakati ule nyumba mpya bado iliweza kuvutiwa gesi. Njia zilikuwa mbili: boila ya gesi inayochemsha maji na radieta, zile bapa za chuma ukutani yanamopita maji hayo, kama nyumba zote tulizowahi kuishi, au pampu ya joto, mtambo unaokaa uani, unaochukua joto kwenye hewa ya nje hata wakati wa baridi na kulitia kwenye maji yanayozunguka chini ya sakafu. Friji iliyogeuzwa, ndivyo ulivyonieleza wewe, na hapo ndipo nilipoelewa.

Baba yako alitaka gesi. Alikuwa na sababu zake na zilikuwa sababu za haki. Kabeya alizijua boila kama anavyojua mikono yake. Radieta inawaka sasa na joto linakuja sasa. Na lile alilolirudia kila mara, kwa Kiswahili chake ambacho nilikicheka tangu siku tulipokutana:

“Miye niko muntu wa radiateur. Natoka service na baridi mu mifupa, naweka mugongo pa radiateur, bon, dakika kumi niko muntu tena. Sasa mugongo nitaweka wapi? Pa chini?”

Mimi nilikataa. Nikasema gesi itapanda bei. Akasema umeme nao utapanda. Nikasema gesi inaharibu hewa ya dunia. Akaniuliza tangu lini nina habari na hewa ya dunia. Nikaleta lingine, naye akalijibu, nikaleta lingine tena. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minane na ukaifanya kazi ile kwa furaha kana kwamba ni mtihani unaoupenda. Ukagawanya daftari pande mbili. Ukawapigia simu mafundi. Ukanipeleka kwa mwalimu wako aliyekuwa na pampu, tukasimama uani kwake kwenye mvua tukisikiliza kama inapiga kelele. Ni wewe uliyegundua kuwa pampu kubwa kupita kiasi ni mbaya kuliko ndogo, kwa sababu huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, mpaka inachoka kabla ya wakati wake. Kabeya alikuambia ukikosa kazi atakuchukua kwake.

Tulipokuwa tunarudi kutoka kwa mwalimu, kwenye basi, ulinigeukia ukaniuliza kwa upole, “Mama, baba akizijibu sababu zote hizi, utatafuta nyingine?”

Nikafungua mkoba kama ninayetafuta tiketi.

“Unaogopa nini?”

Nikakwambia siogopi kitu, na nikageuka kutazama dirishani. Ulikuwa umeliona, mwanangu. Ulikosa tu kujua ni nini.

Sasa nakwambia.

Nilifika Brussels mwezi wa kumi na moja, nikitoka Kigoma, na wewe ulizaliwa mwaka uliofuata. Tulikaa Schaerbeek, kwenye chumba na sebule vya mzee mmoja Mbelgiji, Papa Gustave, aliyekuwa amefundisha useremala Katanga ujana wake wote na kurudi na Kiswahili kingi kuliko Kifaransa. Alitupangisha kwa sababu alimsikia baba yako akizungumza kwenye Misa ya Kiswahili. Alikuwa akija kwenye Misa ile kila mwezi, na kitabu chake cha nyimbo kilichochakaa, akiimba kwa sauti kubwa kuliko sisi wenye lugha. Wewe ulipozaliwa alikutengenezea kitanda.

Maji ya kuoga yalichemshwa na mtambo mdogo wa gesi uliotundikwa bafuni. Chini ya ukuta palikuwa na tundu lenye wavu, la kuingiza hewa. Siku ya kwanza Papa Gustave alinionyesha tundu lile akaniambia lisifunikwe. Nilimsikia vizuri. Lakini majira ya baridi yalipokuja, upepo wa tundu lile ulikupiga mgongoni kila nilipokuogesha, nawe ulikuwa na miaka miwili na kifua kisichopona. Siku moja nilichukua kanga, nikaikunja, nikaishindilia pale. Bafu likapata joto. Nikajiona mama mwenye akili. Ikakaa vile majuma kadhaa.

Jumamosi moja mchana baba yako alikuwa kazini. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya beseni kubwa la kuogea, wewe mkononi mwangu, bomba linatiririka. Kichwa kilikuwa kizito tangu asubuhi. Nilikuona unasinzia, nikafikiri umechoka kucheza. Kisha magoti yakakosa nguvu na nikateleza chini, wewe juu ya kifua changu. Nakumbuka niliyasikia maji yanafurika na kuniloanisha, na sikujali.

Maji hayo ndiyo yaliyotuokoa. Yalipenya sakafuni na kudondoka kwenye dari ya jirani wa chini, mama mmoja wa Kituruki, Emine. Akapanda kuja kugomba. Hakugomba. Alituburura sote wawili mpaka nje, kwenye ngazi, akafungua madirisha, akazima kila kitu, akapiga simu, kisha akateremka kuwafungulia zimamoto mlango wa barabarani.

Hapo ndipo pa barua hii, Sifa. Mengine yote unayajua.

Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi na wewe mapajani. Ulikuwa unapumua, lakini macho yako yalikuwa yamefumba na midomo haina rangi. Nikakulaza kwenye zulia dogo la mlangoni. Nikasimama, nikashika ukuta, nikarudi ndani. Nikaingia bafuni nimebana pumzi, nikaichomoa ile kanga, nikaizika chini kabisa ya kapu la nguo chafu. Kisha nikarudi kukuchukua.

Wewe ulikuwa hujafumbua macho, nami niliondoka kwa ajili ya kanga.

Kuziba tundu lilikuwa kosa la ujinga na la baridi, na hilo nimejisamehe zamani. Hili la pili sijui hata niliite nini. Nimelitazama kila upande kwa miaka ishirini. Sikufikiri. Hakuna sauti iliyoniambia nenda. Miguu ilikwenda yenyewe kulinda jina langu, ikakuacha pale.

Zimamoto waliniuliza kama palikuwa na tundu lililozibwa. Nikasema hapana. Wakapanda juu wakakuta bomba la moshi limejaa masizi na mabaki ya kiota cha ndege, na mtambo haujasafishwa kwa miaka, ndiyo maana sumu ya gesi isiyo na harufu ilirudi ndani. Basi mwenye kosa akapatikana. Ulifumbua macho hospitalini siku hiyo hiyo jioni ukaomba maji, na daktari akasema hukuharibika kitu.

Kesho yake Papa Gustave alikuja hospitalini na mfuko wa machungwa. Baba yako alimkuta kwenye ujia. Wewe humjui baba yako wa siku ile. Hakupaza sauti. Alimwambia tu, “Toka. Nisikuone tena.” Yule mzee akayaweka machungwa kwenye kiti na kwenda zake, na mimi nilikuwa mlangoni, nimesikia, nikafunga mlango.

Habari zikaenea kanisani. Sikumsema vibaya, hilo nilijipa kama sifa. Nilinyamaza tu wengine wakisema. Alikuja Misa moja baada ya hapo, hakuna aliyekaa kwenye benchi lake, na hakuja tena. Sisi tukahamia Saint-Josse. Nawe ukakua na ile hadithi ya mwenye nyumba aliyekaribia kutuua. Ulipokuwa sekondari uliiandikia insha, mwalimu akakupa alama nzuri, ukaniletea niisome. Nilikusahihishia tahajia.

Ndiyo maana nilisema moto hauingii nyumba hii. Si bei, si hewa ya dunia. Nilikuwa nikiiona boila ya Kabeya kwenye karatasi ya kampuni, nyeupe, nzuri, na nasikia maji yanafurika. Na kama ningemwambia baba yako naogopa gesi, angeniambia ukweli ambao hata Kabeya aliniambia: kwamba boila za siku hizi zimefungwa, zinavuta hewa yao kutoka nje, hazina habari na tundu la bafuni. Angeniuliza basi unaogopa nini hasa. Kwa hiyo nilikutuma wewe ukaniletee sababu. Nilikutumia, mwanangu. Ulikesha na daftari lile ukidhani unaisaidia nyumba, kumbe ulikuwa unanishonea pazia.

Siku mbili baada ya swali lako la kwenye basi, nilimfuata baba yako hapa. Ilikuwa Ijumaa, na zege lilikuwa lije Jumatatu. Alikuwa amechuchumaa na futi yake anapima ukuta wa sebule, mahali pa radieta. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hapakuwa na pa kukaa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

“Ulienda kutosha ile kanga mbele mutoto aamuke?”

“Ndiyo, niliitoa kabla hajaamka.”

Akakunja futi yake, akaitia mfukoni, akatoka. Alisimama kando ya rundo la mchanga muda mrefu, kisha akaenda kazini. Jioni alimpigia Kabeya: “Weka ile ya yeye.” Nikadhani ni msamaha. Haukuwa msamaha. Hakuweza tena kulizungumza, basi akalimaliza.

Unazikumbuka siku zile, najua, kwa sababu uliniuliza kama baba ni mgonjwa. Siku tisa aliniambia yale tu ya lazima: funguo, mkate, barua za benki. Mabomba yakalazwa, mekundu, yakizunguka sebule nzima, wewe ukipiga picha na kuniambia, “Mama, umeshinda.” Sijawahi kushinda kitu kibaya namna ile. Uamuzi ulikuwa mzuri. Hata leo ukiniuliza, kwa nyumba hii yenye kuta nene, nitachagua pampu. Lakini nilikuwa nimefika kwenye jibu zuri kwa kumzungusha mume wangu na mtoto wangu, na mwenye kuzungushwa akijua, jibu zuri halimfariji. Ningemwambia mapema naogopa, labda tungechagua gesi, na labda tungelala salama tu. Hilo sitalijua.

Siku ya kumi alikuwa hana zamu. Alivaa suruali ya kanisani, akaniambia tunakwenda kwa Papa Gustave. Nikamwambia nitakwenda peke yangu, kosa ni langu. Akasema, “Hapana. Wewe ulinyamaza. Miye njo nilimufukuza.”

Alikuwa ameulizia kanisani. Mzee alikuwa kwenye nyumba ya wazee hapa hapa Ganshoren, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka kiwanjani kwetu. Tulimkuta kwenye kiti cha magurudumu, amepungua, lakini alitujua kabla hatujasema majina. Baba yako alitaka kuanza, nikamzuia. Nilisema mimi, nimepiga magoti ili anisikie vizuri, na Kiswahili changu kilikuwa kinanikimbia.

Nilitegemea mambo mawili: atanifukuza, au atanishika kichwa na kunisamehe kama kwenye picha za kanisani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisogeza kiti chake karibu nami. Kisha akasema:

“Cheminée, ile bomba ya moshi, sikuisafisha miaka mine. Ile ni ya kwangu. Kanga ni ya kwako. Kila muntu abebe yake.”

Baba yako akasema samahani kwa siku ile ya hospitali. Mzee akatikisa kichwa, akasema angekuwa yeye angefanya vile vile. Halafu akanigeukia mimi.

“Mutoto anajua?”

“Hapana.”

“Alors, mumuambie. Yeye njo alilala pale, si siye.”

Nikaahidi. Hiyo ni miaka minne iliyopita, Sifa.

Nilisema nitakwambia tukishahamia. Tukahamia. Majira ya baridi ya kwanza yakaja, na baba yako akapata jibu la swali lake: alirudi kutoka zamu ya alfajiri, akavua koti, akalala chali katikati ya sebule, mikono ameitandaza. Wewe ulipita juu yake kwenda shule ukicheka. Mimi nilisimama jikoni nikamsikia akisema, bila kufumbua macho, “Bon. Hapa pia muntu anapata joto.” Tangu Ijumaa ile kabla ya zege lilikuwa neno lake la kwanza kwangu lisilo la lazima kabisa. Nililia kwenye sinki. Nikasema leo nisiiharibu furaha hii, nitakwambia kesho. Kisha ukawa na mitihani. Kisha chuo. Kisha ukapata nafasi ya Montréal na nyumba ikajaa karatasi. Kila wakati palikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Wewe mwenyewe unajua jinsi ninavyoweza kuzitafuta.

Ninamtembelea Papa Gustave kila mwezi. Ulidhani nakwenda kwenye kikundi cha akina mama. Ninamkatia kucha, ananisahihisha Kiswahili changu cha Kigoma, anasema kina maringo. Wakati wa kuondoka huniuliza kama nimekuambia. Hasemi kwa ukali. Huuliza kama mtu anavyouliza kama mvua imeacha. Nami husema bado.

Nakwambia sasa si kwa sababu unaondoka na nitakuwa mbali na hasira yako, ingawa hilo nalo limenipitia kichwani, sitakuficha. Nakwambia kwa sababu utakwenda kuishi na watu, na siku moja na mtu mmoja, na mtakuwa na mambo ya kuamua, mahali pa kukaa, kazi, watoto, kitu gani kiwekwe ukutani. Utajikuta unatafuta sababu ya tano baada ya nne kujibiwa. Sina sheria ya kukupa hapo. Mimi mwenyewe nilisubiri mpaka Ijumaa ya mwisho. Nakupa tu swali lako mwenyewe la kwenye basi, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza vizuri hivyo, na nilikujibu vibaya. Naam, nilikuwa naogopa. Niliogopa kujulikana.

Baba yako anajua kwamba naandika. Aliponiuliza asubuhi nitaiweka wapi, nilimwambia kwenye sanduku lako, chini ya sweta, uikute ukishafika. Akanitazama tu, akafunga viatu vyake. Nikajisikia nilichosema. Kuizika chini ya nguo, tena.

Kwa hiyo haitaingia sandukuni. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla ya chakula, na nitakaa jikoni wakati unasoma. Sitawasha redio. Ukitaka kuja kuniuliza, njoo, nitajibu chochote, hata kile nisichokijua. Ukitaka kutoka ukatembee, toka, chukua funguo. Ukitaka kuniambia maneno aliyoambiwa Papa Gustave kwenye ujia wa hospitali, una haki, nami nitayasikia nikiwa nimesimama.

Na kesho ndege yako ni ya mchana. Nyumba ya wazee wanafungua saa nne asubuhi. Mzee hakuomba kitu, lakini mwezi uliopita aliniuliza urefu wako, nikamwonyesha kwa mkono, naye akautazama mkono ule muda mrefu. Kama utataka, tutakwenda pamoja. Kama hutataka, nitakwenda peke yangu Jumatano, na atakapouliza nitamwambia ndiyo.

Nasikia funguo mlangoni.

Mama yako